Usimmulike Mtoto Machoni

"Huyu ni nani?" Mama aliuliza. Aliisogeza simu mbali na uso, akairudisha, akaisogeza tena.

Nikamwambia, ni mjukuu wako huyo, Mama. Yule mdogo, siku aliyoanza kusimama dede.

"Nilidhani ni mto," akasema.

Tulicheka wote. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini usiku, watu walipolala, niliifungua tena ile picha nikaikuza, na kusema kweli ulikuwa mto. Kitu cha mviringo, rangi ya udongo, kimeegemea kochi la rangi ya udongo. Pembeni kuna weupe fulani ambao mimi najua ni mkono wa fulana, na najua kwa sababu nilikuwepo.

Simu yangu ina picha zaidi ya 4,000. Nyingi ni za watoto, na nyingi zimepigwa ndani, usiku, kwa sababu huo ndio muda ninaowaona. Natoka chumba cha habari jioni, foleni inanifikisha Tabata saa 1 au saa 2, nawakuta wameshaoga, wana nusu saa ya wazimu kabla ya kulala. Nusu saa hiyo ndiyo maisha yangu na wao siku za kazi. Nimeipiga picha mara 4,000, na karibu kila mara nimepata mto.

Mama alikuwa amekuja Dar kwa ajili ya kliniki ya macho. Ana kile ambacho watu huita presha ya macho, na daktari huita glakoma. Aligundulika akiwa amechelewa, kama wengi, kwa sababu ugonjwa huu hauumi. Mshipa unaopeleka taarifa kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo unakufa polepole, na kwa kawaida kinachoanza kwenda ni pembeni. Mtu anaona cha mbele yake vizuri tu, anadhani mambo ni sawa, mpaka siku anapoanza kugonga fremu za milango na kumwaga chai iliyowekwa upande wa kushoto. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa za matone zinalinda kilichobaki. Mama mwenyewe anasema ni kama kuchungulia kwenye bomba, tena bomba lenye moshi ndani.

Kwa hiyo picha ya gizani iliyocheza, ambayo mimi na wewe tunaweza kuisoma kwa kukisia, yeye haisomi. Anahitaji mwanga, na anahitaji kitu kiachane na kilichoko nyuma yake. Na hakuna daktari aliyeniambia ana miaka mingapi ya kuchungulia. Nilianza kujifunza kupiga picha kwa sababu hiyo, sikuwa na nyingine.

Mimi ni mwandishi wa habari wa kuandika. Wapiga picha nimewaona kazini kwa zaidi ya miaka kumi, nimepanda nao magari, nimekula nao mihogo nje ya mahakama, ila sikuwahi kuwauliza wanafanya nini. Sasa nikamwendea mmoja, mtu mzima, ambaye ofisini tunamwita Mzee na yeye anaitika. Nikamwonyesha ule mto.

Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Sebuleni kwako mna taa gani?"

Tuna taa moja ya tyubu, upande wa jikoni. Upande wa makochi unapata masalia.

Akanieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu darasa la fizikia. Kamera ikikosa mwanga inafanya kile anachofanya mtu mwenye kiu penye bomba linalodondosha matone: inasubiri. Inaacha mlango wake wazi kwa muda mrefu zaidi ili ikusanye cha kutosha. Muda mrefu wa kamera ni mfupi kwetu, labda sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu katika muda huo ameshahamisha mkono, kichwa na mawazo. Kamera inaandika safari yote hiyo juu ya karatasi moja. Ndiyo maana picha za usiku za simu zinapendeza mtu akikaa kama sanamu, na mtoto, kama unavyojua, hakai kama sanamu mpaka alale.

"Basi nitawasha flashi ya simu," nikasema.

"Washa uone."

Niliwasha, nikaona. Taa ya simu si flashi kwa maana ya Mzee, ni tochi ndogo inayowaka muda wote kamera ikiwa wazi, kwa hiyo mtoto bado anacheza. Na kwa sababu imekaa sentimita moja kutoka kwenye lenzi, inampiga mtu usoni moja kwa moja. Binti yangu wa miaka mitano alitoka paji la uso liking'aa kama sufuria mpya, pua bapa, macho mekundu, na nyuma yake kivuli cheusi kikali ukutani kama mtu wa pili. Macho mekundu yale, Mzee alinieleza baadaye, ni damu iliyoko nyuma ya jicho: mwanga unaingia kwenye mboni iliyopanuka gizani na kurudi njia ileile, ukiikuta lenzi inaungoja pale pale jirani.

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi wakati ule. Hakuiona picha, aliuona mwanga.

"We! Usimmulike mtoto machoni!"

Sauti ile naijua. Ndiyo iliyonitoa juu ya mwembe nikiwa na miaka saba. Nikaiweka simu chini.

Mama amekuwa fundi cherehani maisha yake yote, Muheza. Sare za shule, magauni ya harusi, mashuka. Miaka ya kwanza nyumbani hapakuwa na umeme, na kazi ya mchana ilipozidi, ilimaliziwa usiku kwa kibatari kilichowekwa juu ya meza ya cherehani. Nimelala nikiusikia ule mlio miaka mingi. Sasa, katika hesabu zake, macho yake yaliharibiwa na mwanga: kibatari kilichokaa karibu mno, na siku ya harusi yake, mpiga picha aliyemmulika mara nyingi mpaka akaona duara za kijani hadi kesho yake. Daktari amemweleza mara mbili kwamba glakoma haisababishwi na kibatari wala harusi. Alisikiliza kwa adabu, akasema "ahsante mwanangu", na tulipofika nje akaniambia, "Yule kijana hajawahi kushona usiku."

Niliwahi kumcheka kidogo kwa hilo, mpaka niliposoma historia ya kitu chenyewe nikaona kwamba hofu yake si ya kijinga kama nilivyodhani. Flashi ya kwanza iliyoenea ilikuwa unga. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitoa mchanganyiko wa magnesiamu na kemikali nyingine uliolipuka kwa mwanga mkali na moshi mzito mweupe. Habari hizo zikavuka bahari na kumfikia mwandishi wa habari mwenzangu, Jacob Riis, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akiripoti habari za polisi New York. Riis alikuwa ameandika miaka mingi juu ya vyumba vya giza walimorundikana maskini wa mji ule, na maneno hayakumtosha. Kwa unga ule aliweza kuingia usiku, kulipua, na kutoka na ushahidi. Picha zile zilizaa kitabu chake cha mwaka 1890, How the Other Half Lives, ambacho kilichangia kubadilisha sheria za nyumba za kupanga.

Lakini humo humo kitabuni anasimulia kisa kimoja bila kujificha. Alikuwa chumba cha juu kabisa, darini, akipiga picha kundi la watu watano vipofu. Alipolipua unga, matambara na makaratasi yaliyokuwa ukutani yakashika moto. Yeye peke yake ndiye aliyeuona. Wale watano walikaa pale pale, hawajui lolote, huku yeye akihangaika kuuzima kimya kimya.

Nilikisoma kisa hicho saa 5 usiku, Mama amelala chumba cha pili, nikakifunga kitabu kwa muda. Watu wale hawakuuona mwanga uliowapiga picha, wala moto ulioletwa na mwanga huo. Na hawakuja kuiona picha.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza kwamba flashi ina tabia mbili, na inategemea anayeishika amekuja kufanya nini. Kuna flashi ya Riis, ya kuvamia, hata kama nia ni njema. Sisi wa magazeti tunaijua sana: mtuhumiwa anashushwa kwenye karandinga, anajifunika uso na shati, pa! pa! pa! Halafu kuna flashi ya Malick Sidibé wa Bamako, aliyezunguka usiku kwenye dansi za vijana wa Mali iliyokuwa imetoka tu kupata uhuru. Ile picha yake maarufu ya mkesha wa Krismasi mwaka 1963, kijana wa kiume na wa kike wanacheza, vichwa vimeinamiana karibu vigusane, dada yuko pekupeku: ni flashi ile. Bila flashi usiku ule ungemeza miguu yote. Wale wawili wala hawamwangalii mpiga picha, wako kwenye shughuli yao. Mwanga umewakuta kwenye furaha na ukawaacha humo humo.

Nilitaka hiyo ya pili. Sikujua inapatikanaje kwenye sebule ya Tabata yenye taa moja ya tyubu.

Mzee alinipeleka Kariakoo siku ya Jumamosi. Nilikuwa na kamera ya mtumba niliyoinunua kwa mtu anayehama nchi, yenye lenzi yake ya kawaida. Tukatafuta flashi ya kuchomeka juu yake, nayo ya mtumba, isiyo na maajabu: inatumia betri nne ndogo za kuchaji, na kichwa chake kinazunguka na kuinuka. Mzee alisisitiza hilo la kichwa. Muuzaji alitaka kutupa nyingine mpya, nzuri, iliyokaza shingo. Mzee akamwambia, "Hii haijui kuangalia juu. Hatuitaki."

Siri yote ilikuwa hapo. Tulirudi kwangu, Mzee akakaa kwenye kochi, akakubali chai, akageuza kichwa cha flashi kikatazama dari. Binti yangu alikuwa anaruka kutoka kiti kimoja kwenda kingine. Pa! Chumba kizima kiliwaka, kana kwamba paa limefunuliwa sekunde moja mchana. Mtoto hakukonyeza hata jicho. Aliendelea kuruka.

Picha ilionyesha mtoto hewani, nyayo zote mbili juu ya kiti, kila uzi wa nywele mahali pake, kivuli laini chini ya kidevu, na nyuma yake kabati, saa ya ukutani, na bibi yake akiwa ameshika kikombe. Vyote vinaonekana.

Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mtu wa darasa la nne. Akasema hivi: mwanga ukitoka mahali padogo unakata kivuli kikali, ukitoka mahali papana unapapasa. Flashi yenyewe ni ndogo, upana wake hauzidi kiganja. Ukiielekeza darini, dari ndiyo inakuwa taa, na dari yangu ina upana wa sebule nzima. Tena kuna faida ya pili. Mwanga hupungua haraka mno kadiri unavyokwenda mbali: mtu aliye mita 2 kutoka kwenye flashi anapata robo tu ya anachopata aliye mita 1, na aliye mita 4 anapata sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo maana kwenye picha za zamani za harusi aliye mbele ameungua kwa weupe na mashangazi walioko nyuma wamemezwa na giza. Lakini dari iko karibu umbali uleule kutoka kwa kila mtu sebuleni. Mtoto akikimbilia mlangoni au akirudi kwenye kochi, mwanga unamfuata karibu vilevile.

Na kwa nini hachezi? Kwa sababu flashi ya namna hii inawaka kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde, au pungufu. Mzee alinifundisha jaribio ambalo bado nalifanya kila nikianza: weka kamera kwenye mpangilio wa mkono, kasi 1/160, tundu la lenzi f/4, ISO 800, kisha piga bila flashi. Picha itoke nyeusi au karibu na nyeusi. Ikitoka hivyo, furahi. Maana yake taa ya tyubu haina sauti tena hapo ndani, na chochote utakachokiona baadaye kimeandikwa na flashi peke yake, ndani ya ule muda mfupi. Kisha washa flashi, ianzie robo ya nguvu zake. Picha ikiwa na giza, ongeza. Ikiungua, punguza. Basi. Ukishapata, usiguse tena, cheza na watoto.

Bado nilikosea sana. Siku ya kwanza peke yangu nilielekeza kichwa ukutani badala ya darini, nikidhani nimevumbua kitu. Ukuta wetu mmoja ni wa kijani, rangi aliyoiacha mpangaji aliyetangulia. Mwanga ukauazima ule ukijani na kumpelekea mtoto usoni. Mke wangu aliangalia akasema, "Huyu anaumwa?" Siku ya pili nikarudi darini lakini moja kwa moja juu ya vichwa vyao, na macho yote yakawa mashimo, kama mchana wa saa 6. Mzee akasema kwa simu: inamisha kichwa kirudi nyuma yako kidogo, mwanga upige dari upande wako na uwashukie wao kwa mbele. Halafu funga karatasi nyeupe nyuma ya flashi, kwa mpira wa kufungia noti, isogeze cheche kidogo mbele, upate ile nukta kwenye mboni. Bila nukta hiyo macho yanakuwa kama ya samaki wa jana.

Sikuwa na karatasi ngumu karibu. Nikachukua kadi ya mchango wa harusi, ya mtu ambaye mpaka leo sijakumbuka tumejuana wapi, nikafunga upande mweupe ukiangalia mbele. Kama kuna mkazi wa Dar anayesoma hapa na ana droo iliyojaa kadi za michango, namjulisha kwamba hatimaye zina kazi.

Kosa la tatu lilinigusa zaidi. Niliiachia kamera ijipangie yenyewe, watoto wakiwa mbele ya pazia jeupe, na nyuso zao zikatoka nyeusi, hazina umbo. Kamera haijui kwamba uso ndio nilioufuata. Inachukua wastani wa vyote inavyoviona, na kukiwa na weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Anayelipa ni mtu mweusi aliyesimama mbele. Si jambo jipya. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilipima rangi zao kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley, na ngozi kama zetu zikaachwa zijitegemee. Nilizikumbuka picha za shule ya msingi, sisi wote meno na kola. Nikarudi kwenye mpangilio wa mkono, nikapanga kwa uso wa mwanangu, nikaliacha pazia liungue likitaka.

Mama wakati wote huu alikuwa ananisikiliza. Simu zangu na Mzee, zile pa! pa! za kila jioni. Siku ya tatu akaniita.

"Hiyo taa yako bado unawamulika?"

Nikamwambia, shika hapa Mama. Nikamwekea kidole juu ya kichwa cha flashi aone kinaelekea wapi. "Siwamuliki wao. Namulika dari. Dari ndiyo inawamulika."

Akapapasa mara mbili. "Haiwaingii machoni?"

"Haiwaingii moja kwa moja."

Kwenye kliniki nilikuwa nimeshamuuliza daktari, kwa sababu nisingekubali kumpinga Mama kwa maneno ya mtandaoni. Alisema hajui ushahidi kwamba flashi ya kawaida, kwa umbali wa kawaida, inadhuru macho ya mtoto. Ila akaongeza kwamba hakuna sababu ya kumbandika mtoto mchanga flashi usoni, kama isivyokuwa na sababu ya kumpigia honi sikioni. Kwa hiyo Mama na daktari, waliokuwa hawaelewani juu ya kibatari, walikuwa wamekubaliana juu ya dari bila kujua.

Siku hiyo hiyo daktari aliniangalia mimi. Akaniuliza umri wangu. Akasema ugonjwa huu unatembea katika familia, na kwamba sisi weusi unatupata zaidi na mapema zaidi, kwa hiyo watoto wa mgonjwa wapime, wasisubiri dalili, kwa sababu dalili ikija imechelewa. Nikajibu kama tunavyojibu wote: nitapanga siku.

Nilipanga baada ya wiki mbili, nadhani kwa sababu ya zile picha. Ukishakaa jioni kumi ukitazama nyuso za watoto wako kwa ukaribu ule, unaanza kuona wivu juu ya macho yako mwenyewe. Wanakukalisha mbele ya chombo kama bakuli kubwa jeupe, jicho moja limezibwa, unaangalia nukta ya katikati, na mkononi una kitufe. Vimwanga vidogo vinatokea huku na huku, vingine hafifu sana, na kila ukiona kimoja unabonyeza. Hutakiwi kuvitafuta. Katikati ya vimwanga kuna ukimya mrefu, na katika ukimya ule hujui kama hakuna kilichowaka au kimewaka na hujakiona. Sijawahi kufanya mtihani mgumu kama ule, chuo kikuu kikiwemo.

Jicho la kulia ni zima. La kushoto lina jambo ambalo daktari aliliita la kufuatilia. Nirudi baada ya miezi sita. Sijamwambia Mama.

Mwezi uliofuata tulikwenda Muheza. Nilibeba picha zilizosafishwa kwenye karatasi. Nilikuwa nimejiongeza, nikasafisha kubwa, ukubwa wa A4, nikiamini kikubwa ndicho kinachoonekana. Mama akaishika karibu, akasema, "Sikio." Akaisogeza. "Pua hii." Anapotazama kupitia bomba, uso mkubwa hauingii wote, inabidi autembelee kipande kipande. Nikampa nyingine, ndogo, ya ukubwa wa kadi ya posta, niliyoisafisha kwa ajili ya albamu. Binti yangu peke yake, anacheka, nyuma yake shuka la bluu. Akainyoosha mkono, akatafuta mahali, akatulia.

Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akasema, "Ana mwanya. Kama wa baba yako."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Meno ya utoto yalikuwa na mwanya siku zote, lakini sisi tunaomwona mtoto kila siku hatukuwahi kuutaja, na Baba amefariki kabla yeye hajazaliwa. Mke wangu alitoka nje kwenda kuangalia chakula ambacho hakikuwa jikoni bado.

"Na mimi nipige," Mama akasema. "Na hawa. Siku nyingine wataniuliza nilikuwaje."

Saa 2 usiku, nyumba ya Muheza haina dari. Juu ni mbao na mabati meusi kwa moshi wa miaka, ukiupeleka mwanga kule haurudi. Mama alipoelewa tatizo alinielekeza kabatini, rafu ya chini, kuna mashuka meupe aliyoshona mwenyewe na hakuyauza. Binamu yangu akapanda juu ya kiti upande mmoja, mke wangu upande wa pili, wakalitandaza shuka hewani nyuma ya bega langu kama wanaanika. Nikageuza kichwa cha flashi, kikampa mgongo Mama, kikaliangalia shuka. Mkubwa akakaa kulia kwake, mdogo mapajani.

"Nihesabie," akasema. "Nisishtuke."

Moja, mbili, tatu.

Nilipiga mbili. Katika ya kwanza amefumba macho, amekaza midomo, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano, na watoto wote wawili wamegeuka kumtazama yeye. Katika ya pili amefumbua, mdogo ameshika hereni yake anaivuta, na kwenye kila jicho lake kuna mraba mdogo mweupe, ambao ukiukuza unaona ni shuka, na ukikuza zaidi, unaona vidole vya binamu yangu pembeni.

Nimezisafisha zote mbili, ndogo.